Bi Digidigi na Maswali ya Mlangoni

Paukwa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Wekeni simu chini, wakubwa kwa wadogo. Paukwa!

Pakawa!

Ehe, sasa nawasikia.

Hapo zamani, zile za kale hasa, palikuwa na pango. Neno likisemwa mtoni, pangoni linasikika. Neno likisemwa mlimani, pangoni linasikika. Mvua imenyesha wapi? Ingia pangoni, tega sikio. Simba kaamkia wapi? Ingia, tega sikio. Wanyama wakaliita Pango la Habari. Hata Kobe, asiye na haraka na lolote, alikwenda kila siku.

Mlangoni alikaa Kima. Nani alimweka? Hakuna! Alikuja tu, akakunja miguu, akawa mwenye mlango.

"Bure! Bure kabisa!" Kima anaita. "Jibu maswali madogo tu, upite."

Basi akaja Bi Digidigi, tiki tiki tiki. Mnamjua Digidigi? Mwili mdogo, woga gunia zima. Alikuwa amejifungua juzi tu, mtoto mmoja, miguu kama njiti. Kamficha kichakani, kaja mbio kutafuta habari moja: Chui yuko wapi leo?

"Karibu, Bi Digidigi, umependeza!" akasema Kima. "Una mtoto?"

"Ninaye. Wa juzi."

"Hongera, mama! Unalala wapi?"

"Hilo sisemi."

"Si neno, si neno. Na choo chako, kiko wapi?"

Bi Digidigi akacheka. Choo! Nani anataka choo cha mtu? "Kiko chini ya mgunga uliopinda," akasema. "Haya, nipishe."

Lo! Mama huyu! Ninyi mnajua desturi ya digidigi. Choo chake ni pahali pamoja, leo pale, kesho pale pale, na nyumbani hapako mbali. Ukijua choo umejua kitanda. Lakini yeye alikuwa na haraka, akaingia.

Akatega sikio. Pango likaanza: "Chui leo yuko..."

Pu! Kasuku akatua mgongoni mwake. "Kwaa! Mama mzazi! Mama mzazi! Majani ya kuongeza maziwa, kwa Mama Ngiri!"

"Shh! Nasikiliza!"

"Chui leo yuko..."

"Kwaa! Mama mzazi! Nyasi laini za kumlazia mtoto!"

Bi Digidigi akamtikisa. Kasuku hatoki. Akaruka. Kasuku hatoki. Akabandua nta ya nyuki ukutani mwa pango, akaziba sikio la upande wa kasuku. Aaa, raha! Mara Kima huyo, macho yamemtoka.

"Nta! Umeziba nta! Kasuku ni watu wangu. Asiyewasikiliza haingii hapa. Toka!"

Akasukumwa nje, habari ya Chui hakuipata. Kwa hasira akaziba na sikio la pili. Dunia ikanyamaza. Akashika njia ya nyumbani, tiki tiki tiki, anatabasamu. Maskini! Kasuku bado yuko mgongoni. Yeye hasikii, lakini msitu wote unasikia: "Kwaa! Mama mzazi huyu hapa! Mama mzazi anapita!"

Njiani akamkuta jirani yake, Mzee Nungunungu. Nungunungu midomo inamcheza. Bi Digidigi hasikii kitu. Nungunungu akamchomoa nta, pwa! na pwa!

"We mama, umebeba nini mgongoni? Mpaka vyura wanajua umezaa! Na Chui kapita hapa sasa hivi, anaulizia mgunga uliopinda!"

"Chui? Kajuaje?"

"Si Kima! Wamepatana wale. Kima anampa habari, Chui naye hamli Kima."

Bi Digidigi akapiga yowe. "Mwanangu! Mungu wangu, nimemuuza mwanangu kwa mdomo wangu!"

Akagaagaa chini mpaka kasuku akatoka, kisha akakimbia. Tiki-tiki-tiki-tiki! Kando ya choo, nyayo za Chui, mbichi. Kichakani... mtoto yupo! Kajikunja, kabana pumzi. Bi Digidigi akalia, akamlamba, akamhamisha mbali. Kisha akarudi kwa Nungunungu.

"Atatutafuta tena, mzee. Nifanyeje?"

Nungunungu akajikuna. "Mwambie Kima umehamia shimoni kwangu. Mwache Chui aje. Na aje na pua."

Bi Digidigi akaenda mlangoni, kainamisha shingo kwa upole. "Bwana Kima, nisamehe kwa ile nta. Nimehama. Mimi na mtoto tumo shimoni, kando ya kichuguu chekundu."

"Vizuri sana, mama! Pita, pita!"

Habari ikaenda kwa Chui mbio. Chui huyooo, nyatu, nyatu, nyatu. Akafika shimoni. Giza. Akaingiza kichwa chote.

Chwa! Chwa! Chwa!

"Mamaaa! Pua yangu!"

Akarudi mbio pangoni, uso mzima miiba. Wanyama wote wako kwenye foleni. "Kima! Unanipa habari za uongo! Patano limekwisha!"

Kima akaruka mtini, akajificha kwenye majani.

"Jifiche tu!" akanguruma Chui. "Nitakuja ukilala. Unalala wapi?"

Kima akatoa kichwa, kakasirika kweli. "Aa, Bwana Chui! Mtu haulizwi anapolala! Hiyo ni siri yangu!"

Foleni nzima ikamtazama. Bi Digidigi naye yumo.

Kasuku akadakia. "Kwaa! Kima hulala mkwajuni! Tawi la juu! Mkia huning'inia nje! Kwaa!"

Hakumchukia Kima, jamani. Ndiyo kazi aliyofundishwa naye. Kima akatimua mbio, Chui nyuma yake, na pango likabaki bila mlinzi. Bi Digidigi akaingia, akatega sikio, na leo akasikia neno lote hadi mwisho.

Nisiwazungushe: anayekupa cha bure na kukuuliza mengi, muulize kwanza majibu yako anampelekea nani. Na la nyumbani kwako, hata liwe dogo la kuchekesha, usilitoe ovyo.

Hadithi yangu imefika hapa, imekaa kitako.