Chui Alivyopelekwa Mafunzo Kazini

Wenzangu, nina ngano.

— Itoe.

Ni ndefu.

— Tumekaa.

Ina meno.

— Tuna fimbo.

Mwenye fimbo aiweke chini. Hii ni ngano ya shule, na fimbo za shule tumezichoka.

Palikuwa na shule kwenye majabali, na mwalimu wake alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, mnene kiasi, masikio mafupi, akiota jua utadhani ni jiwe lililoota manyoya. Pimbi alikuwa amefundisha miaka tisa, na miaka yote tisa alifundisha somo moja kwa daftari moja. Daftari lenyewe mchwa walikwisha kulila kona zote nne, lakini Pimbi hakulihitaji. Somo lote lilikuwa kichwani. Angeweza kulifundisha usingizini, na siku nyingine alilifundisha usingizini.

Somo lilikuwa nyayo. Unyayo huu ni wa nani, umepita lini, umekwenda wapi. Mtoto wa mnyama mdogo asiyejua nyayo hafiki mbali.

Kila asubuhi Pimbi alipanda juu ya jiwe, akashika chaki, akaandika: kwe, kwe, kwe. Akasema, akasema, akasema. Halafu akauliza:

"Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa."

"Kabisa?"

"Kabisaaa."

Basi Pimbi hushuka ameridhika, akaenda kuota jua. Ukija mtihani, watoto wanafeli. Pimbi hutikisa kichwa na kusema watoto wa siku hizi vichwa vyao ni vigumu, kisha hugeuza ubavu wa pili upate jua nao.

Mwaka huo shule ikapata mlezi. Mlezi alikuwa Chui. Alijileta mwenyewe, akatoa chaki boksi zima, akatoa sharti moja: mtoto atakayefeli anakwenda naye nyuma ya kilima, kwenye Darasa la Marudio, akafundishwe na yeye Chui. Wazazi watamwona siku ya kufunga muhula wa tatu. Wazazi hawakulipenda sharti hilo. Lakini wewe ungembishia Chui?

Muhula wa kwanza ukaisha. Chui akaja, nyata, nyata, nyata, gunia begani.

"Nani kafeli?"

"Watatu, Bwana Mlezi."

Chwapu, chwapu, chwapu, watatu ndani ya gunia. Muhula wa pili ukaisha. Nyata, nyata, nyata.

"Nani kafeli?"

"Wanne, Bwana Mlezi."

Chwapu mara nne. Chui akamvika Pimbi taji la maua.

"Mwalimu Pimbi, nimezunguka pori zima, sijaona mwalimu kama wewe. Usibadilike. Nakuomba, usibadilike hata kidogo."

Pimbi alilala na lile taji kichwani.

Siku moja akafunga karanga kwenye jani, akasema, ngoja niwaone wanafunzi wangu wa zamani wanaendeleaje. Akapanda kilima, akashuka kilima. Huko hakuona darasa. Aliona zizi la miiba, na mlangoni gogo zito ambalo mnyama mmoja tu porini angeweza kulisogeza. Ndani ya zizi walikuwa watoto saba, wamenenepa hata shingo hazionekani.

"Shikamoo, Mwalimu," wakasema.

"Marahaba. Mnafundishwa nini huku?"

"Kula," akasema Tunu, binti Digidigi.

"Baada ya kula?"

"Kulala."

"Na mtihani?"

"Anatubinya mapaja. Anayebinyika vizuri anapata mia."

"Mimi nina mia kila wiki," akasema Chamwiba, mtoto wa Nungunungu, kwa fahari.

Nyuma ya zizi Chui alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, kwashu, kwashu, huku anaimba:

*Muhula ukifungwa, mama mkwe aja,*
*Saba kwenye sufuria, saba kwa pamoja.*

Karanga zikamdondoka Pimbi. Akasogeza mdomo kwenye miiba.

"Tunu, mwanangu. Ulifeli swali gani?"

"Unyayo wa swala na unyayo wa mbuzi. Sikujua tofauti yake."

"Mbona hukuniuliza?"

Tunu akamwangalia kwa mshangao. "Ulituuliza kama tumeelewa, Mwalimu. Tukasema tumeelewa. Mimi nilidhani hilo ndilo jibu."

Pimbi akarudi nyumbani polepole. Lile taji la maua alilivua njiani, akalitazama, akaona sasa jinsi alivyosifiwa: kama mpishi anavyozisifu kuni kavu.

Katika shule ile darasa la watoto wachanga lilikuwa na mwalimu wake, Bi Kanga, ndege asiye na siri. Pimbi akamwendea asubuhi.

"Dada, kesho njoo ukae nyuma darasani kwangu. Uniangalie ninavyofundisha."

"Nikiona kitu nikwambie?"

"Niambie."

"Chote?"

"Chote."

Bi Kanga akaja, akakaa nyuma. Kwe, kwe, kwe. Akasema, akasema, akasema. Tumeelewa? Tumeelewaaa. Watoto walipotoka, Pimbi akauliza, "Haya, umeonaje?"

"Nimeona mwalimu mmoja anaongea na jiwe."

"Lakini wote waliitika."

"Hata mwangwi uliitika, kaka. Tuupe cheti?"

Pimbi alinuna. Alikwenda nyuma ya jabali, akatafuna majani asiyoyapenda. Akasema moyoni, kuku pori huyu ananijua nini mimi, miaka tisa. Akatafuna tena. Kisha akamkumbuka Tunu na lile jicho lake la mshangao, akatema majani, akarudi.

"Njoo na kesho, dada."

Ikawa kila siku Bi Kanga anakaa nyuma, na kila siku jua likigeuka Pimbi anakaa juu ya jiwe na daftari jipya, anajiuliza kwa sauti: "Leo nimefundisha nini? Nani hakuelewa? Kwa nini?" Na kwa nini ikizaa kwa nini nyingine, aliifuata mpaka pangoni kwake. Watoto walijificha wakamchungulia, wakacheka mpaka wakajishika matumbo. Mwalimu anajihoji, na majibu yenyewe hajui.

Lakini somo likageuka. Pimbi aliwatoa watoto jabalini, akawapeleka matopeni. Piga hatua, tazama. Ruka, tazama. Mfuate Kobe, sema amekwenda wapi. Akiuliza "Tumeelewa?" anajiziba mdomo katikati, anasema badala yake, "Nionyeshe." Siku moja Bi Kanga alimhesabia maneno aliyosema, hayakufika mia mbili. Ya watoto hayakuhesabika, kelele zilizidi.

Mtihani wa muhula wa tatu ukafanyika. Chui akaja, nyata, nyata, nyata, magunia mawili.

"Nani kafeli?"

"Hakuna, Bwana Mlezi."

"Rudia kusahihisha."

"Nimerudia mara tatu."

Chui akayanusa makaratasi, moja, moja. Yalikuwa na harufu ya tope tu. "Mwalimu Pimbi," akasema, "mimi si nilikuomba usibadilike?" Kisha akakunja magunia yake. "Si kitu. Saba ninao. Na kesho mama mkwe wangu anafika."

Pimbi akampa mkono.

"Hongera. Bila shaka atauliza mkwe wake anafanya kazi gani."

"Nitamwambia mwalimu. Si ninafundisha Darasa la Marudio?"

"Vizuri sana. Naye atasema, lete cheti nikione."

Chui akakuna shingo. Alimjua mama mkwe wake. Angekitaka cheti.

"Kinapatikana wapi?"

"Kwenye mafunzo kazini. Kwa mwalimu mdogo kama mimi ni miezi. Kwa mkubwa kama wewe ni adhuhuri moja."

"Na chakula?"

"Chakula huja mwishoni, Bwana Mlezi. Hakuna mafunzo yasiyoishia kwenye chakula."

Chui akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Wakaenda wote nyuma ya kilima, Chui mbele, Pimbi na Bi Kanga nyuma. Njiani Bi Kanga akanong'ona, "Kaka, unajua unalofanya?" Pimbi akanong'ona, "Nitajua tukimaliza."

Walipofika Pimbi akasema, "Kwanza, mwalimu hakaguliwi darasa likiwa limezibwa na gogo." Chui akalisukuma gogo, gru, gru, gru, lakini akaacha mwanya mdogo tu, kwani hakuwa mjinga kiasi hicho.

"Sasa utatafakari," Pimbi akasema. "Wape wanafunzi mgongo. Tazama jabali. Fumba macho ujione mwenyewe."

"Nikifumba macho nitajionaje?"

"Ndiyo maana ni mafunzo."

Chui akawapa mgongo, akafumba macho. Bi Kanga akaruka akatua mlangoni, akainua ubawa mmoja.

"Umewafundisha nini hawa?" akauliza Pimbi.

"Kula."

"Kwa nini?"

Bi Kanga akashusha ubawa. Tunu akatoka mwanyani, pu, pu, pu, akapotea.

"Ili wanenepe," akasema Chui.

"Kwa nini?"

Wa pili, pu, pu, pu.

"Ili wawe laini."

"Kwa nini?"

Wa tatu huyo.

"Mama mkwe hana magego."

"Kwa nini?"

Wa nne.

"Aliyavunja kwenye fupa la nyati."

"Kwa nini?"

Wa tano.

"Alilitafuna kabla hajalitazama. Ana pupa."

"Kwa nini?"

Wa sita. Mkia wa Chui uliokuwa unapiga ardhi ukatulia. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ukoo wetu mzima tuna pupa. Hakuna aliyewahi kutuuliza kwa nini."

Hata Pimbi alimhurumia kidogo. Lakini mlangoni Chamwiba alikuwa amekwama. Kichwa nje, tumbo ndani, yule wa mia kila wiki. Bi Kanga anamvuta masikio, Chamwiba anasukuma kwa miguu ya nyuma, miiba inasugua gogo: kwaru, kwaru, kwaru.

"Ni nini hicho kinakwaruza?" akauliza Chui.

"Dhamiri, Bwana Mlezi. Inaamka."

"Inakwaruza hivyo?"

"Kwa anayeanza, inakwaruza."

Kwaru, kwaru.

"Ina kelele sana."

"Ililala muda mrefu. Usifumbue, utaishtua. Nijibu: pupa hiyo, kwa nini?"

Chui akafikiri, na alifikiri kweli, mpaka mashavu yakamtetemeka. Chozi likatoka kwenye jicho lililofumbwa. Nyuma yake, po! Chamwiba akachomoka kama kizibo, akabiringika mpaka chini ya mteremko, akaacha miiba sita kwenye gogo.

"Nimejiona," akasema Chui.

"Umeona nini?"

"Mlafi mkubwa mwenye madoa."

"Vizuri. Umefika mbali kwa adhuhuri moja. Swali la mwisho: kuanzia kesho utabadili nini?"

Chui akavuta pumzi ndefu, akapangusa chozi.

"Kuanzia kesho nitakula polepole."

Akafumbua macho, akageuka, ili aanze.

Zizi tupu. Bi Kanga yuko juu ya mti, ka-ka-ka-ka. Chui akaunguruma hata majabali yakajibu, akamrukia Pimbi. Lakini Pimbi kwao ni kwenye nyufa za mawe. Alikwisha ingia ufa ambao hata ukucha wa Chui ulichungulia tu. Chui akapiga teke gogo kwa hasira, na miiba sita ya Chamwiba ikamngoja pale pale. Akaruka kwa miguu mitatu.

"Cheti changu kiko wapi?" akalia.

"Bado, Bwana Mlezi," sauti ikatoka ufani. "Mafunzo haya ni endelevu."

Kesho yake mama mkwe akafika, amechoka, ana njaa. Akafunua sufuria, ikang'aa. Alijiona mwenyewe ndani yake.

"Mkwe, chakula kiko wapi?"

"Nilikuwa natafakari, mama."

Mama mkwe akafunika sufuria. Akamshika mkono binti yake, mke wa Chui, akasema, twende nyumbani mwanangu, huyu ameharibika. Chui akawafuata nyuma anachechemea, anaeleza, anaeleza, wanaongeza mwendo. Majabalini hakuonekana tena.

Wale saba wakarudi shule. Wiki mbili hawakuweza kukaa watatu kwenye jiwe moja, walibanana. Chamwiba alilia siku ya kwanza aliposikia mtihani sasa si wa kubinywa mapaja. Lakini matope yakamzoea, naye akayazoea, akasoma, akajua.

Sasa fundisho, maana ngano bila fundisho mtanidai. Fundisho ni hili: walimu wenzangu, ukishapata kazi usijiulize chochote. Mtazame Chui. Alikuwa na heshima, na mke, na sufuria nzuri. Kajiuliza "kwa nini" saba tu, kapoteza vyote. Na kama ni lazima kutafakari, kama wakubwa wamekuamuru, basi funga mlango kwanza.

Ngano nimeitua. Mwenye kichwa ajitwishe, mwenye njaa akale, ila polepole.