Msiba Usio na Marehemu

Wapendwa, kabla hatujafika kwenye vikapu hivi vilivyopangwa hapa mbele, nipeni masikio yenu kidogo. Wenye watoto wanaolia msitoke nje. Mfano huu hauogopi kelele.

Alikuwepo mama mmoja, mfuma masweta, kiongozi wa akina mama katika usharika kama huu wetu. Binti yake alikuwa akiishi ng'ambo, katika nchi tajiri ya baridi, nchi ambayo ukiitaja hapa watu wanakaa vizuri kwenye viti. Binti alikuwa akitunza wazee katika nyumba yao ya kulelewa. Kila Pasaka alituma chochote nyumbani, na kwa hicho akina mama wakanunua unga, sukari na mafuta, wakajaza vikapu vya wajane. Kisha mwaka mmoja akasema, "Mama, njoo unione." Tiketi ikaja, mama akapanda ndege.

Akafika. Akaona. Akachanganyikiwa.

Milango ilifunguka yenyewe kabla hujabisha hodi. Maji yalitoka ukutani yakiwa yamechemka tayari. Asubuhi likapita gari kubwa lenye mabrashi, linasugua lami kwa maji na sabuni, na mama akamvuta binti dirishani.

"Mwanangu, barabara inapigwa deki?"

"Ndiyo, Mama. Mara mbili kwa wiki."

"Nani anakuja kulala barabarani?"

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akacheka, ingawa yeye alikuwa ameuliza kwa dhati.

Lakini chumba cha binti kilikuwa kidogo kuliko alivyokiwaza. Kitanda kimoja, kwa hiyo mama na mwana walilala mzungu wa nne, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Kabatini mlijaa makopo: maharage, mahindi, mbaazi, na samaki. Mama akalishika kopo la samaki, akaligeuza. Huyu mtoto tangu aache kunyonya hajala samaki. Akisikia harufu yake tu anatoka nje. Amebadilika lini? Swali likaja, likapita, kama maswali mengine mengi ya siku zile.

Sasa ng'ambo ya pili ya barabara palikuwa na ukumbi wa kanisa. Jumatano, binti akiwa ameshaondoka, mama akachungulia kutoka ghorofa ya nne. Mvua ilikuwa inanyesha. Chini aliona miavuli na kofia tu, watu wamesimama kwa mstari mrefu, kimya, kila mmoja na mfuko wake. Hakuna anayepiga soga. Hakuna anayemgeukia mwenzake. Mlango ukafunguliwa, na ndani akaona meza ndefu zimejaa vyakula.

Ninyi mngesema ni nini? Watu wengi, wamesimama kimya, chakula kimeandaliwa, vichwa vimeinama. Mama hakuhitaji kuambiwa. Ni msiba.

Jioni akamuuliza binti, "Nani amefariki pale ukumbini?"

Binti alikuwa anavua viatu. Mkono ukasimama kwenye kamba. "Sijui, Mama. Usiende kule."

"Hujui? Jirani amefiwa, mlango kwa mlango, na wewe hujui? Hata kutoa pole hujaenda?"

"Huku si kama kwetu, Mama."

"Kufa ni kufa kila mahali."

Binti akamaliza kuvua viatu. Mama alilala na aibu usiku ule, aibu ya mtu aliyelea mtoto asiyejua kuhani msiba.

Jumatano iliyofuata mstari ukarudi. Mama akashangaa: watu hawa wanafiwa sana! Akasema, mara hii hainipiti. Akafungua makopo ya maharage, akafungua ya mahindi, akapika makande. Mahindi yenyewe yalikuwa matamu kama keki, akayalaumu, akaongeza chumvi, akayalaumu tena. Akaifunga sufuria kwa kanga, akaitwika kichwani, akashuka ngazi za ghorofa nne na kuvuka barabara ile inayopigwa deki, huku magari yakisimama kumwangalia.

Akaanza nyuma ya mstari. "Poleni. Poleni sana na msiba." Mmoja akasogea pembeni. Mwingine akatabasamu bila kuelewa. Wa tatu, mwanamume mnene mwenye koti la kazi, akageuka kama aliyeitwa kwa jina lake.

"Mama! Weye unasema Kiswahili! Mimi niko mutu ya Bukavu."

"Mungu wangu, afadhali. Pole, mwanangu. Nani amefariki?"

"Hapa? Hakuna mutu alikufa, mama."

"Sasa mnangoja nini?"

"Tunangoya chakula."

"Chakula cha nini?"

Yule mwanamume akamtazama. "Ya kula, mama."

Mama akaitua sufuria chini. "Huna kazi, mwanangu?"

"Kazi iko! Nasafisha uwanja wa ndege, usiku muzima. Kazi iko, mama. Mushahara ndiyo haifike mwisho wa mwezi. Nyumba inakula yote, inatuachia mifupa." Akacheka peke yake, kisha akakunja pua. "Hii nini inanukia vile?"

Mama akampakulia. Akala palepale, amesimama, kwa mkono. Akasema, "Aksanti, mama. Aksanti sana."

"Usishukuru," mama akamwambia. "Kwetu chakula cha msibani hakishukuriwi. Umefika, umekula, basi. Hakuna anayeulizwa."

"Lakini, mama, nimeshakuambia hakuna musiba."

Mama akabaki na mwiko hewani. Kama si msiba, mbona wamesimama kama waliofiwa? Na kama wana kazi, mbona wana njaa? Na nchi yenye sabuni ya kusugulia lami, inakosaje unga? Alitafuta pa kuanzia kuelewa, hakupaona.

Ndipo akaja bibi mmoja wa wagawaji chakula, mwenye kizibao cha njano, uso wa upole, akasema maneno ambayo mama hakuyajua. Na kutoka katikati ya mstari sauti nyingine ikajibu, sauti ya chini, kwa lugha ileile ya pale. Mama aliijua sauti ile kabla hajaona sweta. Sweta alilifuma yeye mwenyewe, la bluu, lenye kofia. Na kofia ilikuwa imevutwa mpaka kwenye nyusi.

Binti akaja akasimama mbele ya mama yake, na mfuko wake mtupu mkononi.

Wapendwa, mama huyu hakupiga kelele. Angeanzia wapi? Alisema lile alilokuwa akiwaambia wote. "Pole, mwanangu."

"Anauliza kama una kadi, Mama," binti akasema, macho chini.

"Kadi ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba una njaa."

"Njaa yangu ina kadi? Si anishike tumbo?"

Yule mtu wa Bukavu akapaliwa na makande kwa kicheko. Binti hakucheka.

Walirudi chumbani, sufuria ikiwa tupu na mfuko ukiwa umejaa. Binti akautoa mzigo mmoja mmoja juu ya meza. Majani ya chai. Sukari. Kopo la samaki.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Muda mrefu. Wanakupa walichonacho, huchagui. Leo nilikuwa natafuta sukari, Mama. Umekuja kwangu, ningekupa chai isiyo na sukari?"

"Na hela za vikapu vya wajane?"

"Nilikuwa nabana. Ningewaambiaje nimeshindwa? Huku? Nani angeniamini?"

Mama akakaa kitandani. Binti akaendelea, sasa maneno yanamtoka yenyewe. "Huku, Mama, polisi akinitukana namshtaki. Nikisimama barabarani na kipaza sauti nikamsema mkuu wa nchi, hakuna wa kunigusa. Wanasema ni haki yangu, na kweli ni haki yangu, wala siishukuru, kwa sababu ni yangu. Lakini chakula, chumba, dawa? Hapo nakuwa mwombaji. Najieleza, naonyesha kadi, nashukuru. Mwenye kizibao ni mtu mwema, nashukuru. Asiye mwema, nashukuru zaidi. Nabeba wazee wao siku nzima kwa mgongo huu, halafu nakuja kushukuru kwa kopo la samaki nisiyemla. Nimechoka kushukuru, Mama."

Mama akawaza, paji la uso limekunjamana. "Yaani mdomo ni huuhuu mmoja. Ukisema, ni haki yako. Ukila, ni hisani yao?"

"Ndivyo."

"Sielewi."

"Hata mimi sielewi."

Wakanywa chai ile ya sukari ya mstarini.

Sasa hapa baadhi yenu mmeshaanza kutikisa kichwa. Mnasema moyoni, kumbe Ulaya nako! Kumbe utajiri wote ule, na bado! Subirini. Msitikise kichwa bado.

Kwa sababu usiku ule mama hakupata usingizi, na si kwa ajili ya nchi ile. Alimkumbuka mjane mmoja wa kwao. Kila Pasaka wajane waliitwa mbele ya kanisa, jina kwa jina, kwa kipaza sauti. Walipewa kikapu, walipigwa picha, na kila mmoja alisema neno la shukrani. Mama huyu ndiye aliyekuwa akiwapanga kwa urefu, picha itoke vizuri. Mjane yule alikuja mwaka wa kwanza, akavuta kanga mpaka kwenye nyusi. Mwaka uliofuata hakuja. Na mama akasema mbele ya wenzake, "Ana kiburi huyo. Mwacheni na kiburi chake."

Kanga mpaka kwenye nyusi. Sweta mpaka kwenye nyusi. Pale gizani, mzungu wa nne, mama akaishika miguu ya mwanawe akalia.

Aliporudi nyumbani hakungoja Pasaka. Akabeba kikapu mwenyewe hadi kwa yule mjane, akabisha hodi. Mjane akatoka akipangusa mikono, akakiona kikapu. Akajiweka sawa, akavuta kanga yake, akatazama huku na huku uani pake kama anayetafuta kitu. Kisha akauliza kwa upole, bila hasira yoyote:

"Nisimame wapi?"

Wapendwa, mfano wangu unaishia hapo. Mama sikumtungia jibu.

Lakini sisi je? Tunasema haki za binadamu ni kutopigwa, kutofungwa bure, kusema bila kuzibwa mdomo. Ni kweli, na tuzidai. Ila Mungu alipouumba mdomo, je, aliumba nusu ya kusemea ikawa ya kwetu, na nusu ya kulia chakula akaiacha mikononi mwa wenye huruma? Mnaijua nchi iliyolijibu swali hili vizuri? Mimi siijui. Matajiri wamejikanganya nalo, na sisi, ambao msibani tunajua kumlisha kila aliyefika bila kumuuliza kitu, tukitoka msibani tunasahau. Inahitaji mtu afe kwanza ndipo walio hai wale kwa heshima?

Mnaviona vikapu hivi. Mpiga picha yupo, nimemwona, kamera shingoni. Ndugu yangu, kaa, ufurahie ibada. Orodha ya majina ninayo mfukoni, na haitasomwa. Baada ya baraka, vijana watavipeleka vikapu nyuma, kwenye mlango wa kutokea, na sisi wengine wote tutabaki tumesimama hapa, tunaimba, tukitazama mbele.

Mwenye shida atachukua. Na akipita mlangoni, asimwambie mtu asante.