Mkia wa Mwalimu Nguchiro

Jumatano moja, muhula ukikaribia kwisha, saa tatu asubuhi, enzi zile wanyama walipokuwa wakipeleka watoto wao shule, Mwalimu Nguchiro aliamshwa kwa kelele.

Alikuwa amelala juu ya kichuguu, tumbo juu, anaota jua. Kichuguu hicho kilikuwa nyumba ya mwalimu. Ndani yake mkewe alikuwa na watoto wanne ambao hawajafumbua macho. Uwanjani, wanafunzi kumi na wanne wa darasa la kwanza walikuwa wakirushiana vumbi.

"Mwalimu! We mwalimu!"

Ndi! Ndi! Ndi! Ardhi ilitikisika. Mzee Kifaru, mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama mbele yake.

"Karibu, mwenyekiti! Nilikuwa natafakari somo."

"Hata! Ulikuwa unakoroma. Sikiliza. Jumamosi ni siku ya wazazi. Tunakuja kuona sarufi. Umoja na wingi."

"Sarufi? Aa, sarufi! Hiyo mbona tumeimaliza zamani."

"Vizuri. Maana wazazi wananung'unika. Mama Kiboko anasema binti yake anarudi nyumbani na vumbi tu. Darasa likishindwa, kichuguu hiki tunampa mwalimu mwingine."

Ndi! Ndi! Ndi! Akaenda zake.

Sasa, wanangu, tangu muhula uanze Nguchiro hakuwa amefundisha hata neno moja la sarufi. Kila asubuhi aliwaambia watoto, "Chezeni kidogo," kisha akapanda kulala.

Mkewe akachungulia kutoka shimoni. "Baba watoto, siku tatu zinatosha kufundisha?"

"Kufundisha, hazitoshi."

"Sasa itakuwaje?"

"Niachie mimi."

Akateremka, akachota majivu, akachora mstari mrefu katikati ya uwanja. Akapiga makofi, pa! pa! pa!

"Njooni hapa nyote! Leo tuna mchezo. Mimi nikitaja kitu kimoja, mnaruka upande wa kulia. Huko ni umoja. Nikitaja vitu vingi, mnaruka kushoto. Huko ni wingi. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

"Kitabu!"

Pu! Pu! Pu! Saba wakaruka kulia, sita kushoto. Shindo, mtoto wa Mzee Kifaru, akaruka akatua juu ya mstari wenyewe, akabaki amesimama hapo.

"Sio hivyo! Viti!"

Wakagongana vichwa.

Nguchiro aliwatazama. Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, na watoto waliupenda. Angewaeleza taratibu, wangeelewa. Lakini kwa muhula mzima, si kwa siku tatu.

Akawaita karibu, akashusha sauti.

"Basi msihangaike na maneno. Mnauona mkia wangu? Ukiwa chini, rukeni kulia. Nikiuinua, rukeni kushoto. Tazameni mkia tu."

"Na neno je, mwalimu?"

Aliyeuliza ni Tope, binti wa Mama Kiboko.

"Neno liacheni lipite."

"Lakini kwa nini 'vitabu' inakwenda kushoto?"

Masikio ya Nguchiro yakapata moto. Alikuwa amesubiri swali kama hilo tangu awe mwalimu, na sasa limekuja siku ambayo hana nafasi ya kulijibu.

"Tope mwanangu, tazama mkia."

Ilipofika Ijumaa jioni, hawakuwa wakikosea hata mara moja.

Jumamosi wazazi walijaa. Nyati walikuja na ndugu zao, Mama Kiboko akalowesha majani yote aliyokalia, na Mzee Kifaru akakaa mbele kabisa kwa sababu macho yake hayaoni mbali.

"Mti!" akaita Nguchiro, uso kwa wazazi, mkia kwa watoto. Mkia chini.

Pu! Wote kumi na wanne wakatua kulia.

"Miti!" Mkia juu.

Pu! Kushoto.

"Jicho! Macho! Yai! Mayai! Mayai! Yai!"

Pu! Pu! Pu! Pu! Kimya. Pu!

"Lo!" alisema Nyati mmoja. "Hata alipowatega hawakuruka!"

"Ndiyo shule hiyo!" akadakia mwingine. "Sisi tulikuwa tunachapwa tu!"

Mama Kiboko alifuta machozi. "Binti yangu! Na mimi nilisema anarudi na vumbi! Nisamehe, mwalimu."

"Bila samahani, mama," alisema Nguchiro, akainama kwa adabu. Alipoinua kichwa alikutana na macho ya Tope. Tope akatazama pembeni.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Mzee Kifaru alikuwa amenogewa.

"Ala! Mchezo mtamu huu! Na mimi nataka! Mwalimu, umechoka, kaa hapa na wazazi. Mwenyekiti atafundisha!"

"Mwenyekiti, watoto wamechoka pia..."

"Kaa!"

Nguchiro akakaa. Mzee Kifaru akasimama ubavu mbele ya darasa, apate kuwaona kwa jicho moja. Watoto wakamtazama usoni. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakashusha macho mpaka kwenye mkia wake.

Kwenye mkia kulikuwa na nzi.

"Nyumba!" akanguruma Mzee Kifaru. Pyu! Akafukuza nzi.

Pu! Watoto wakaruka kushoto. Mkia ukashuka. Pu! Wakaruka kulia.

"Nimesema nyumba! Mbona mnarukaruka?"

Pyu! Pyu! Pyu!

Pu! Pu! Pu! Watoto wakawa kama bisi sufuriani. Kushoto, kulia, kushoto. Shindo akihema, ulimi nje.

"Mwalimu!" akalia. "Huyu anakwenda mbio sana!"

Kwanza wazazi walicheka. Kisha wakaacha kucheka.

"Shindo!" Mzee Kifaru alipiga kwato chini, ndi! "Unanitia aibu mbele za watu? Neno moja, nyumba, linakushinda?"

Shindo alimtazama Nguchiro. Machozi yakamshuka mpaka kwenye kipembe chake.

Mama Kiboko akainuka. "Tope! Sema kweli. Mwalimu alikufundisha, hakukufundisha?"

Tope akamtazama mwalimu, kisha mama yake.

"Alitufundisha, mama," alisema Tope. "Sisi ndio vichwa vigumu."

"Basi mmejitakia!" alisema Mzee Kifaru. "Darasa zima mtarudia mwaka. Wote kumi na wanne. Na kila mzazi akifika nyumbani anajua la kufanya na mwanawe. Mwalimu, pole sana. Umejitahidi. Kichuguu ni chako."

Wazazi wakaanza kupita mbele ya Nguchiro, mmoja mmoja, kumpa pole.

"Pole, mwalimu. Watoto wa siku hizi!"

"Pole, baba. Wetu ametuangusha."

Alipewa pole tano. Kila moja aliipokea kwa mikono miwili, na kila moja ilimshusha mabega. Nyuma ya wazazi aliwaona watoto wamepangwa kwenye mstari wa majivu, vichwa chini. Hakuna hata mmoja aliyemnyooshea kidole. Angefumba mdomo tu, basi. Nyumba ingebaki, na watoto wake wangefumbulia macho humo humo.

Pole ya sita ilikuwa ya mzee Nyati, ambaye tayari alikuwa amevunja tawi liwe fimbo.

"Ngoja, mzee," alisema Nguchiro.

"Nini?"

"Ngojeni wote. Tafadhali."

Akatoka mbele. Alitaka kusema, lakini yeye, msemaji wa kijiji kizima, hakupata maneno. Akawapa wazazi mgongo, akasimama wima kuwakabili watoto.

"Wanangu," alisema, "mara ya mwisho."

Hakutaja neno lolote. Akainua mkia.

Pu! Wote wakatua kushoto.

Akashusha mkia.

Pu! Kulia.

Akainua. Pu! Akashusha. Pu!

Hapakuwa na aliyecheka.

"Ebo!" alisema Mama Kiboko taratibu. "Ni mkia?"

"Ni mkia, mama."

"Muhula mzima?"

"Muhula mzima nililala. Mkia ni wa siku tatu hizi." Nguchiro hakugeuka. "Hawa hawana vichwa vigumu. Sarufi hawakuikataa, hawakuletewa. Tope aliniuliza swali, nikamnyamazisha."

Mzee Kifaru alisogea karibu mpaka pua yake ikamgusa Nguchiro kisogoni, apate kumwona vizuri.

"Na wewe ukaniacha nimlize mwanangu mbele za watu."

"Ndiyo."

"Ukapokea pole."

"Tano, mwenyekiti."

Mzee Nyati aliiweka fimbo chini. Kamati ilikaa hapo hapo uwanjani. Adhabu ya watoto ikafutwa. Kichuguu kikatolewa kwa mwalimu mpya, Bibi Kobe, ambaye angeanza Jumatatu.

Mzee Kifaru alimwita Shindo pembeni. Walichozungumza hakikusikika, ila walirudi nyumbani pamoja, ubavu kwa ubavu.

Jumatatu saa mbili, Bibi Kobe aliwapanga watoto kwenye mstari na kuwauliza kwa nini "vitabu" inakwenda kushoto. Wakati huohuo Nguchiro alikuwa anahama. Nguchiro hubeba watoto wao kwa mdomo, mmoja mmoja, na njia ilikuwa moja tu, katikati ya uwanja. Alipita mara nne, mbele ya darasa zima, macho chini.

Alipopita na mtoto wa mwisho, Tope alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Nguchiro alisimama pia. Hakuweza kuitikia. Mdomo wake ulikuwa umemshika mtoto. Akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kwenda.

Funzo lake, wanangu: mwalimu akidanganya, wa kwanza kubebeshwa aibu ni mwanafunzi.