Kifungu cha Uzi Mwekundu

Nyongeza hutoka ndani ya kibaba. Ndivyo nilivyosema, Rehani, na sifuti neno. Nimewatuma sukari ya uji na kipande cha sabuni, wewe na dada yako Mkunde mmerudi na ndoo nzima ya sabuni ya unga kwa sababu ina bakuli la bure. Sukari hamna, hela imekwisha. Sasa mnauliza maneno yale nimeyaokota wapi. Kaeni. Yalizaliwa siku za harusi yangu.

Wakati ule, kijijini kwetu Kwetango, mchele ulinunuliwa gulioni, mara moja kwa wiki. Muuzaji alipima kwa kibaba, kisha akatia mkono guniani akakuongezea konzi moja. Hiyo ndiyo nyongeza. Asiyeitoa aliitwa bahili, na wanawake walimpita kama hawamwoni.

Mmoja aliyepitwa hivyo ni Shekigenda. Alifungasha magunia yake akaondoka, na msimu uliofuata akarudi na ujanja mpya. Nyongeza yake aliifunga mapema kwenye jani la mgomba, akaikaza kwa uzi mwekundu, akavipanga vifungu mbele ya gunia vikapendeza macho. Ukinunua kidogo, unapata kifungu kidogo. Ukijaza kikapu, unapewa kile cha kubeba kwa mikono miwili. Bei ya kibaba ilikuwa ileile ya wenzake. Basi aliyetoka nyumbani kununua mchele wa wiki alirudi na wa mwezi mzima, na mboga akaenda kuikopa kwa jirani.

Mama yangu, Mamvua, alikuwa ananiozesha. Hela ya mchele aliifunga pindo moja la kanga, na ya godoro pindo la pili. Kwetu binti akienda kwa mume bila godoro, mawifi wana la kusema mpaka anazeeka. Langu nilikwisha kulichagua, lenye maua ya buluu. Siku ya gulio mama alisimama mbele ya vifungu vile akawaza: nikiongeza vibaba, napata kile kikubwa, mchele utakaobaki nitauuza, hela ya godoro itarudi na faida juu. Akafungua pindo la pili.

Sasa, mchele wa harusi hauchaguliwi na mtu mmoja. Majirani huja na nyungo zao, na kila mmoja hupimiwa sehemu yake aitoe mchanga na chuya. Mama aliwaita kwa hesabu ya vibaba alivyonunua. Mama alitoa kibaba cha mti alichoachiwa na bibi yangu, akaanza kupima. Mchele uliisha na wanawake wengine bado wamekaa na nyungo tupu mapajani. Akafungua kifungu kikubwa, nacho kikaisha. Mama aliona aibu, nami nilimwonea huruma.

Siku ya gulio iliyofuata akachukua kibaba chake akarudi, mimi nyuma yake.

"Shekigenda, nipimie kimoja," alisema. "Kimimine humu."

Shekigenda akajaza kopo lake la bati, ndilo alilopimia kama kibaba, akamimina. Mchele haukufika ukingoni.

"Nipe na kifungu changu."

Mama akakata uzi mwekundu, akamimina. Ukingo ulikuwa bado unaonekana.

"Umeniibia, baba," alisema.

"Sijakuibia, mama. Kopo langu liko juu ya gunia tangu mwanzo, kila mtu analiona. Nani aliniuliza ukubwa wake?" Wala hakupandisha sauti. "Msimu ule nilipopima kwa kibaba kama hicho chako, bila nyongeza, wewe mwenyewe ulinipita ukanunua kwa mwenzangu."

Ilikuwa kweli, na mama alijua. Alikitazama kibaba mkononi, kisha akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Kumbe nyongeza hutoka ndani ya kibaba."

Wanawake waliokuwa karibu waliyasikia maneno hayo, wakaondoka nayo pamoja na vikapu vyao.

Harusi ilifanyika. Wali ulipopungua mama aliongezea ndizi, watu wakala. Lakini godoro sikulipata. Nilikwenda kwa babu yenu na mkeka, na mawifi walisema, tena walisema haswa. Nililia, siwafichi. Siku ya kuniaga mama hakuwa na kitu cha kunipa, akanipa kibaba kile cha mti. Nilikikasirikia muda mrefu. Ndicho hiki mnachonichekea, ninachopimia kila kinachoingia humu ndani.

Haya Mkunde, lete hilo bakuli la bure nilione. Zuri, sikatai. Hata maua yake ni ya buluu. Nitilie humo uji wangu usio na sukari, niunywe nikimkumbuka mama. Nyongeza, wajukuu zangu, hutoka ndani ya kibaba.