Shali Moja, Mabega ya Watu Watatu

Kuna fumbo nililokutana nalo nikiwa kijana, nikadhani nitalifumbua kabla ya chakula cha mchana. Sasa nina mvi, na bado linanishinda. Nimewapelekea mahakimu, nimewapelekea wauza mboga. Kila mmoja alinijibu upesi, na kila jibu lilikuwa zuri mpaka niliposikia la mwenzake. Leo nimewaletea ninyi. Wadogo kaeni mbele, wakubwa nyuma, na mtu asijibu mpaka niulize.

Kusini mwa India, katika nchi ya Watamili, palikuwa na mji mdogo uitwao Poovankulam. Watu wake walipenda vitu viwili kuliko vyote: maua ya asumini na mchezo wa sataranji, ule wa ubao wenye nyumba sitini na nne, ambapo majeshi mawili ya kete hupigana mpaka mfalme mmoja anaswe.

Katika mji huo aliishi msichana aliyeitwa Yazhini. Kipaji chake kilikuwa kuona. Akiutazama ubao, aliziona hatua saba zijazo kama wewe unavyouona mlango wa jirani. Lakini alikuwa na ila moja: mkono wake ulikuwa na haraka kuliko kichwa chake.

Mama yake, Pechiammal, alifunga makoja ya asumini sokoni. Kipaji chake kilikuwa vidole. Alifunga mafundo mia huku akibishana na mteja, bila kutazama chini, na hakuvunja kikonyo hata kimoja. Sataranji hakuijua kabisa. Farasi wa ubaoni alimwita mbuzi.

Mwalimu wa Yazhini, mzee Devasahayam, alikuwa karani wa reli aliyestaafu. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka miisho. Wengine hufundisha namna ya kuanza mchezo. Yeye alifundisha namna ya kuumaliza, zikiwa zimebaki kete tatu au nne. Macho yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka, hata ikawa lazima apapase ubao kwa vidole ndipo ajue kete ipi iko wapi.

Na rafiki wa Yazhini, Sabeeha, binti wa muuza viatu, alikuwa mdogo wake kwa miaka miwili. Yeye naye alicheza, tena vizuri. Kipaji chake kilikuwa kusema kweli. Siku moja bibi harusi alimuuliza, "Sabeeha, nimependeza?" Akajibu, "Viatu, ndiyo."

Walicheza katika klabu ya mzee Devasahayam, chumba kilichokuwa juu ya karakana ya baiskeli. Mlangoni paliandikwa sheria moja kwa rangi nyekundu: UKIGUSA, UMECHEZA. Maana yake, ukishaigusa kete yako, ni lazima uisogeze hiyo hiyo, hata kama umejiponza. Ukiigusa ya mpinzani, ni lazima uile. Hakuna samahani, hakuna "nilikuwa naiweka sawa tu."

Na katika kabati la klabu, juu ya sinia la shaba, ililala shali ya hariri yenye pindo la dhahabu. Kwa Watamili, kumvika mtu shali mbele ya watu ni heshima kubwa. Shali hii ilikuwa na agizo lake: siku mtoto wa klabu atakapopata cheo cha bingwa mkuu, yeye mwenyewe atamvika mtu mmoja aliyemfikisha hapo. Mmoja tu. Na jina la mtu huyo litaandikwa ukutani.

Basi sikilizeni.

Yazhini alipofika miaka kumi na tisa, cheo kile kilikuwa karibu na mkono wake, bado kushika tu. Alihitaji mashindano makubwa mamoja, tena ayamalize vizuri. Nafasi ya kwenda ilikuwa moja kwa jimbo zima, na fainali ya kuigombea ikawakutanisha watu wawili: yeye na Sabeeha.

Yazhini alikuwa anashinda. Alikuwa anashinda waziwazi! Akaiona hatua itakayomaliza kazi, hatua ya ile kete iitwayo ngome, mkono ukaruka kabla hajakamilisha wazo, na vidole vikatua juu ya mfalme aliyesimama jirani. Aliviondoa papo hapo. Mwamuzi alikuwa amegeukia meza nyingine. Hakuna aliyeona, ila mmoja.

"Akka," alisema Sabeeha kwa sauti ndogo, yaani dada mkubwa, "umegusa."

Yazhini alimtazama. "Nimegusa," akasema. Akamsogeza mfalme wake, akamtoa mafichoni, na baada ya hatua sita akashindwa. Nafasi ikawa ya Sabeeha.

Sasa tazameni kila mmoja alifanya nini.

Mama alimkuta Yazhini kitandani, uso ukutani.

"Nani amekushinda, mboni ya jicho langu?"

"Mkono wangu."

"Huo unatibika," alisema Pechiammal. "Mkono wenye haraka huvunja kikonyo, na ua lisilo na kikonyo halifungiki. Mimi nilipoanza, mama yangu alinifunga uzi wa maua hapa." Akafunga vichipukizi tisa vya asumini kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa binti yake. "Kabla hujashika chochote, kijiko, kitasa, huyo mbuzi wenu, nusa kwanza. Ukishanusa, shika." Tangu siku hiyo alifunga uzi mpya kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni. Nyumba nzima ilichoka. Wali ulipoa sahanini, msichana ananusa.

Mwalimu hakumpa pole hata moja. Alipanga ubaoni wafalme wawili, askari kadhaa, na ngome moja.

"Hii ni ngome ya kichaa," alisema. "Mpinzani wako ameshindwa, lakini mfalme wake hana pa kukanyaga na askari wake wamezibwa. Kete yake moja tu ndiyo inayotembea, ngome. Basi anakurushia: ile! ile! Ukiila, hana tena cha kusogeza, na sheria inasema nini?"

"Sare, Mwalimu."

"Sare. Umeshiba na umelala njaa. Sasa mtembeze mfalme wako kama mtu anayefukuzwa na mbwa, usikimbie ovyo, mpaka ufike nyumba ambapo ukiila, askari wake mmoja anafunguka." Akamshikilia kwenye ngome ile siku arobaini, akipapasa kila kete kwa vidole vyake, asubuhi na jioni, mpaka Yazhini akaanza kuiona hata kwenye vigae vya bafuni.

Na Sabeeha? Sabeeha alikwenda kwa chama cha sataranji cha jimbo, akaandika barua ya kujitoa. Kwa sheria zao, nafasi ikamwangukia wa pili, Yazhini. Babake Sabeeha nusura amrushie kiatu. Miaka minane alikuwa amemsafirisha binti huyo kwa mabasi kutoka mji hadi mji kwa ajili ya nafasi kama ile.

Yazhini alimkimbilia. "Umefanya hivi kwa kunionea huruma?"

"Huruma ya nini? Uligusa, nikasema. Ungegusa tena, ningesema tena. Lakini mimi nikienda, nitarudi na picha. Wewe ukienda, utarudi na cheo. Hiyo nayo ni kweli, akka, na mimi kweli hainikai tumboni."

Yazhini akaenda. Mama yake alimfungia nyuzi kumi na moja za maua ndani ya majani ya mgomba yaliyoloweshwa, mmoja kwa kila siku ya mashindano.

Siku ya kumi na moja, alihitaji kushinda. Sare isingetosha. Mpinzani alikuwa bwana mmoja mwenye jina kubwa, aliyekuwa bingwa mkuu kabla Yazhini hajazaliwa. Kule Poovankulam runinga iliwekwa karakanani, na mji mzima ulijazana kati ya matairi na minyororo. Sabeeha alikaa karibu na mzee Devasahayam akimweleza kila hatua, maana mzee hakuweza kuona kioo. Pechiammal alikaa mbele kabisa. Hakuufuata mchezo. Aliufuata mkono.

Saa ya nne ya mchezo, Yazhini alikuwa mbele. Dakika mbili zilibaki kwenye saa yake. Bwana yule akainua ngome yake, akaiweka mdomoni kabisa mwa mfalme wa Yazhini, bure, bila ulinzi.

Karakana ililipuka. "Ameanguka! Ile! Ile ngome!"

"Kaweka wapi?" aliuliza mzee, akimshika Sabeeha kiwiko.

Sabeeha alimwambia. Mzee akabadilika rangi. "Asile," alinong'ona. "Mungu wangu, asile!"

"Usile!" Sabeeha alipiga kelele kwenye runinga. "Akka, usile!"

Lakini ule mkono! Mkono ulikuwa umekwisha kuondoka. Ulipita mbele ya uso wa Yazhini, ukashuka, vidole vikafunguka juu ya ngome ile. Na katika kupita, ile asumini ya siku kumi na moja, iliyoanza kunyauka, ikamfikia puani.

Mkono ukasimama. Kati ya vidole na kete palikuwa na upana wa kidole kimoja.

Pechiammal alitoa pumzi ambayo, nadhani, alikuwa ameishikilia tangu siku ya fainali.

Yazhini akarudisha mkono mapajani, akatazama, na akaviona vigae vya bafuni. Ngome ya kichaa! Akamsogeza mfalme wake pembeni. Ngome ikafuata: ile! Akamsogeza tena. Ile! Ile! Hatua tisa, kumi, kumi na moja, mfalme akikatiza ubao huku ngome ikimbwekea, na saa ikisoma sekunde arobaini, thelathini, ishirini. Karakanani, mzee aliyefumba macho alikuwa akitaja kila nyumba kabla mfalme hajaikanyaga, na watu wakaitikia. Hatua ya kumi na mbili, mfalme akafika nyumba ambapo ngome ikiliwa, askari mmoja wa mpinzani anafunguka. Yazhini alinusa. Kisha akaila.

Bwana yule aliutazama ubao muda mrefu, akatabasamu, akampa mkono kukubali kushindwa, na cheo kikawa cha Yazhini.

Siwezi kuwaeleza kelele za siku ile. Kengele za baiskeli zote za karakana zililia kwa pamoja, na babake Sabeeha alionekana akicheza ngoma na kiatu kimoja.

Wiki moja baadaye, Yazhini alisimama klabuni. Bi Thilaka, mwenye duka la dawa na mwenyekiti wa klabu, alilitoa lile sinia kabatini. Viti vitatu vilikuwa mbele. Mji ulikuwa umeshagawanyika. Wauza maua walisema: mama, kwani bila asumini ile kidole kingegusa, na yote yangekwisha palepale. Wazee wa klabu walisema: mwalimu, kwani mkono uliosimama bila kujua njia husimama tu mpaka saa iishe. Wasichana wa shule walisema: Sabeeha, kwani bila yeye huo mkono ungekuwa nyumbani unanusa wali.

"Ikatwe vipande vitatu!" alisema mtu mmoja nyuma.

"Ikikatwa," alijibu Bi Thilaka, "itakuwa matambara ya kufutia ubao. Mmoja tu. Haya, tuwaulize wenyewe. Kila mmoja ataje mwingine."

Pechiammal hakuwahi kuitwa mbele ya watu maisha yake yote. Alizungumza akiwa ameinama. "Mimi nilifunga maua, kama ninavyomfungia kila mtu. Aliyemwonyesha njia ni Mwalimu. Na macho yake hayatangoja mwaka mwingine kuiona dhahabu ya hiyo shali."

"Dhahabu nitaipapasa ikiwa kwa mwenzangu," alisema mzee Devasahayam. "Wanafunzi mia wameijua ngome ya kichaa. Ni mmoja tu aliyepewa ubao wa kuichezea, na aliyempa alikuwa na ndoto ileile. Mpeni Sabeeha."

Watu wote wakageuka kumtazama Sabeeha, kwa sababu yeye hasemi uongo.

"Natamani kuivaa," alisema. "Sitawadanganya. Lakini niliuona ule mkono. Ulikuwa umeshakwenda. Mimi nilipiga kelele na haukunisikia, na Mwalimu alikuwa mbali. Mtu ambaye mkono ule ulimsikia ni mama yake."

"Basi imekwisha!" walishangilia wauza maua. "Ni mama!"

"Asiyesema uongo," alisema mzee mmoja taratibu, "anaweza bado kukosea."

Kura moja, moja, na moja. Bi Thilaka akamsogezea Yazhini sinia. "Basi, binti, ni wewe."

Yazhini aliwatazama watu wake watatu. Mkono wake wa kulia ukainuka, ukapita mbele ya uso, ukashuka kuelekea kwenye ile hariri. Vidole vikafunguka. Na hapo, upana wa kidole kimoja juu ya shali, mkono ukasimama.

Kila mtu pale aliyajua maandishi ya mlangoni.

Walingoja mpaka chai ikapoa. Mwishoni Bi Thilaka akatoa uamuzi, na ndio uamuzi pekee uliowahi kutolewa: shali ibaki juu ya sinia, bila kuvaliwa, mpaka mtu alete jibu ambalo hao watatu watalikubali, na hapo ndipo Yazhini ataigusa. Aliyelichukua sinia na kulirudisha kabatini ni babake Sabeeha. Alilibeba kwa ncha za vidole, akihadhari asiiguse hariri, akafunga mlango wa kabati kwa kiwiko.

Nami nimekuja kwenu na mkono ule bado umenyooka. Mfikirieni mama, mfikirieni mwalimu, mfikirieni rafiki. Nuseni kwanza, msiwe na haraka, maana ukigusa, umecheza.

Je, wewe ungeamua vipi?