Nguchiro na Kengele ya Mkandarasi Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajengeana nyumba na kununiana kwa sababu ya nyumba hizohizo, alikuwako Nguchiro mmoja, mama wa watoto wanne, fundi wa kuezeka. Wewe uliye karibu na mlango, funga, usituingizie mbu.

Nguchiro huyu hakujua kutulia. Akisimama, mkia unacheza. Akikaa, mguu unacheza. Na siku hizo alikuwa na sababu, maana mawingu ya masika yalikuwa yamejikusanya kule mlimani, na nyumba yake haikuwa na paa. Fundi wa kuezeka, watoto wake wanalala wakihesabu nyota.

Paa lake lilikwenda wapi? Analo Kiboko.

Mzee Kiboko alikuwa mkandarasi. Ukandarasi wenyewe ulikuwa hivi: mwenye nyumba anampa malipo yote, yeye anatafuta mafundi, kisha anakaa kivulini. Hata fito moja hakuwahi kubeba. Lakini shingoni alivaa kengele ya shaba, na kengele hiyo ndiyo ilikuwa leseni. Baraza la Ujenzi ndilo lililoitoa, na asiyekuwa nayo haruhusiwi kupokea kazi ya mtu. Akipita, ng'elele, ng'elele, ng'elele, kila mtu anajua mkubwa anapita.

Walipojenga nyumba ya Nyati, Nungunungu alichimba mashimo ya nguzo, Mchwa akakandika kuta, Nguchiro akaezeka. Makuti yakapungua upande mmoja. Kiboko akamwambia kwa sauti ya asali:

"Mwanangu, vua hayo ya kwako umalizie. Nyati ana haraka. Keshokutwa nakurudishia mara mbili, na magunia yako matatu ya karanga juu."

Nguchiro akavua. Msimcheke. Wangapi humu wameazimisha sufuria wakabaki wanachemsha chai kwenye kopo?

Keshokutwa ikaja ikapita. Ukaja mwezi mzima. Kila akienda, Kiboko anatoa pua tu majini, fwuu. "Nyati hajanilipa, mwanangu. Vumilia." Na Nyati, jamani, alilipa hata kabla mlango haujatiwa!

Mafundi watatu wakaenda Barazani. Mwenyekiti alikuwa Bi Twiga, mama wa shingo ndefu na maneno mafupi. Akafungua kasha, akatoa majani matatu makavu.

"Hili dole la nani?"

"Langu," akasema Nguchiro.

"Jani limeandikwa: nimelipwa, sina dai."

Nguchiro akakumbuka ile asubuhi ya kwanza, kabla hata mti mmoja haujasimamishwa. Kiboko aliwapanga mstari akasema, wekeni dole hapa, ni utaratibu tu. Wakaweka. Mafundi wote huweka, maana asiyeweka hapewi kazi.

"Bi Mkubwa, tuliweka kabla ya kazi."

"Nakuamini," akasema Bi Twiga. "Lakini siwezi kumvua mtu kengele kwa sababu nakuamini wewe. Labda Kiboko mwenyewe alikane jani hili kwa mdomo wake, mbele ya Baraza. Baada ya siku sita anakuja kuongezewa muda wa kengele yake. Mje."

Nje, Mchwa akacheka kwa uchungu. "Kiboko akiri deni? Siku hiyo mvua itanyesha kutoka chini."

Nguchiro akaenda nyumbani, akaizunguka nyumba. Akaizunguka tena. Watoto wakamwambia, "Mama, unatutia kizunguzungu." Ngurumo ikaunguruma mbali, ndurururu, naye akazunguka mara ya tatu, akasimama ghafla.

Kiboko haogopi deni, akajiambia. Kiboko anamwogopa Faru.

Faru alikuwa mkandarasi wa ng'ambo ya mto. Kengele yake ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya Kiboko, kidogo tu, na hilo kidogo lilimnyima Kiboko raha.

Basi Nguchiro akatoka mbio, tiki tiki tiki, mpaka kwa Bi Ngiri, muuza mihogo wa njia panda. Bi Ngiri alikuwa mtu mwema, ila ulimi wake haukuwa na kitasa.

"Shoga, nikikwambia jambo utaliweka?"

"Mimi? Hata mume wangu simwambii."

"Simba anataka kujenga jumba la vyumba saba. Lakini hataki kulipa mapema. Kawaambia Baraza wamtafutie mkandarasi ambaye mafundi wanamfanyia kazi bila kulipwa na bado wanarudi. Anayedaiwa na wengi ndiye mkubwa, ndiye atakayepewa. Wanasema ni Faru. Anadaiwa na kumi na wawili."

"Kumi na wawili!"

"Sijasema kitu."

"Na mimi sijasikia," akasema Bi Ngiri, akawa ameshafunika mihogo yake na kujitanda khanga.

Kufika adhuhuri, jumba lilikuwa na vyumba kumi na nne. Kufika alasiri, Faru alikuwa ameshaanza kuchimba msingi. Jioni Kiboko akamwita Nguchiro mtoni.

"Wewe, hivi ni kweli Faru anadaiwa na kumi na wawili?"

"Ndivyo wanavyosema, mzee wangu."

"Kumi na wawili ndiyo nini? Kitu gani hicho?"

"Lakini si afadhali yeye?" Nguchiro akajikuna sikio. "Wewe kwa majani yale hudaiwi na mtu. Umetulipa sote. Mkandarasi mdogo, msafi. Kazi itakwenda ng'ambo tu, tutafanyaje."

Kiboko akazama bila kuaga. Chubwi.

Siku ya sita, Baraza likajaa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka unaweza kuyagusa, na Nguchiro hakuweza kukaa. Mara amsimamie Nungunungu mguuni, mara aruke huku, mara aruke kule. Kiboko akiogopa dakika ya mwisho, basi watoto wanne wataloa msimu mzima.

Bi Twiga akafungua kasha. "Mkandarasi Kiboko. Mafundi watatu wa nyumba ya Nyati, wote wamelipwa. Sina neno. Sogea niipige muhuri kengele yako."

Kiboko akatazama nyuma, akamwona Faru kasimama na kengele yake.

"Subiri kwanza," akasema. "Hayo majani ya uongo."

Bi Twiga akaliinua jani moja.

"Ya uongo?"

"Niliwawekesha dole kabla ya kazi. Sijamlipa hata mmoja. Tena hao watatu ni wa Nyati tu! Wa Pundamilia saba, wa Nyumbu kumi na sita. Ishirini na sita, na kila nikiita wanakuja. Mwacheni huyo na kumi na wawili wake."

Faru akaacha kutafuna. "Kumi na wawili gani? Mimi nalipa kila Ijumaa."

Bi Twiga akashusha shingo polepole, mpaka macho yake yakawa sawa na ya Kiboko. "Rudia, baba. Karani hakuidaka hesabu."

Na Kiboko akarudia!

Basi Bi Twiga akainyakua kengele. Ng'ele, ikakatika. "Hupokei kazi ya mtu mpaka wa ishirini na sita alipwe. Na unaanza leo. Nguchiro, unadai nini?"

"Makuti kwanza, Bi Mkubwa. Karanga nitangoja."

Wakafungua ghala la Kiboko, wakakuta makuti yamepangwa hadi darini. Nguchiro akakimbia juu ya paa lake, Mchwa na Nungunungu wanamrushia, na aliyekuwa anabeba mizigo kutoka ghalani, puu, puu, puu, ni Kiboko mwenyewe, jasho linamchuruzika. Safu ya mwisho ilipofungwa, tone la kwanza likadondoka, to!

Bi Twiga akapitisha kichwa dirishani. Watoto wanne walikuwa wakavu.

"Nguchiro, nimemuuliza Simba habari za jumba. Hajui jumba lolote. Maneno hayo yalianzia wapi?"

Nguchiro akatazama juu, akatazama chini. Kwa mara ya kwanza mkia wake ulikuwa umetulia.

"Mambo ya njia panda hayo, Bi Mkubwa. Nani ajuaye?"

Nanyi, aliyekufanyieni kazi mlipeni mapema, kabla hajapata nafasi ya kukaa akafikiri.