Matanga ya Kiti

Siku ya kumi na tatu tangu kura zihesabiwe, Mwidani Matano alikuwa bado hajavuka lango la nyumba yake. Baraza yake ya Mishomoroni, ambayo kwa miaka kumi haikukosa viatu vya wageni, sasa kuku wa jirani waliifanya yao. Simu iliyozoea kulia tangu alfajiri ililala mezani kama iliyofiwa. Iliita mara moja tu, naye akairukia, kumbe ni mtu aliyekosea nambari. Mtu mzima yule, mwenye mvi na wajukuu, akajifunika shuka gubigubi na kulia.

Wapo watu wa namna hiyo. Chombo cha kazi kikiwaponyoka mkononi, hudhani kazi yenyewe imekufa, na wao wamekufa pamoja nayo.

Mwidani hakuzaliwa mheshimiwa. Alikuwa fundi wa mabomba, tena hodari, aliyechimba mitaro kwa mikono yake mpaka maji yakaufikia mtaa. Watu wakampenda, wakampigia kura, akawa mwakilishi wao wa wadi kwa vipindi viwili. Kisha wakamnyima. Ndivyo kura zilivyo, leo kwako, kesho kwa mwenzio. Lakini mvuliwa nguo huchutama, na Mwidani alichutama kupita kiasi. Alikwisha agana na dereva wa lori kwamba Jumamosi wangehamia Msambweni alikozaliwa, ambako hakuna ambaye angemtazama kwa jicho la upembe.

"Baba Samiha," mkewe Nadira alimwambia, "mimi nimezaa hapa, nimezika hapa. Leo waning'oa kwa sababu ya kiti?"

"Wallahi, Nadira, siwezi kupita mbele ya duka la Jafar. Watanicheka."

"Nani kakucheka?"

Mwidani alijigeuzia ukutani. Alikuwa na jambo ambalo hakupata kumwambia mtu. Miaka kumi nyuma, siku aliyoupata ushindi, vijana wake walikwenda nyumbani kwa Dorothy, mama aliyekuwa amekikalia kiti kile kabla yake. Waliimba na kupunga matawi langoni pake kutwa nzima, na mmoja wao alijitwika jeneza la maboksi. Mwidani alikuwa garini, ng'ambo ya barabara. Neno lake moja lingetosha kuwakataza. Hakulisema. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Sasa aliingoja zamu yake.

Zamu ilifika Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Vigelegele vilianzia mwisho wa mtaa, vikaja, vikaja, vikasimama langoni. Mwidani alitoka mbio, akajitoma stoo na kujibanza nyuma ya gunia la makaa.

"Waambie nimesafiri!" akamnong'oneza mkewe.

Alisikia hodi. Akasikia lango likifunguliwa, nyayo nyingi zikiingia, kisha sauti aliyoitambua mara moja.

"Yuko wapi marehemu?" aliuliza Dorothy.

Wanawake wakaangua kicheko. Nadira, bila haya, akanyoosha kidole kuelekea stoo.

Mwidani akatoka, mheshimiwa wa juzi, masizi mpaka puani. Uani palijaa wanawake wa mtaa, kama ishirini hivi. Hakuona tawi hata moja. Aliona mikeka kwapani, mabirika ya kahawa na sinia la mahamri. Mbele alisimama Bi Mwanasaumu, mkongwe kuliko wote, na kando yake Dorothy, aliyekuja kutoka bara miaka thelathini iliyopita kufanya kazi kiwandani na asirudi tena kwao.

"Shikamoo, Bi Mwanasaumu."

"Marahaba, mwanangu. Matanga ni siku tatu. Yako leo ni ya kumi na tatu, na maiti hatujamuona. Twaja kuyaanua."

Desturi hiyo Mwidani aliijua. Siku ya tatu ya msiba mikeka hukunjwa, wafiwa huoga, na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Ila hakupata kusikia matanga ya kiti.

"Shauri ni la huyu, Mama Kefa," alisema bibi, akimwonyesha Dorothy.

Mwidani aliinamisha kichwa. "Mama Kefa, una haki ya kunicheka."

"Ninayo," alisema Dorothy. "Wewe ulinicheka. Nilikaa ndani miezi minane, na hakuna aliyebisha hodi, hata wale niliowatafutia watoto wao shule. Nilipotoka niliapa kwamba yeyote atakayeanguka, awe wa chama chochote, nitamwendea. Nimekwenda Likoni, nimekwenda Changamwe. Wewe ni wa tisa, na ndiye pekee ambaye sikutaka kumjia. Jana nilifika hapo langoni nikarudi."

Mwidani alipiga magoti palepale. "Nisamehe, dada yangu. Niliwaona wale vijana. Nilinyamaza."

"Najua. Nililiona gari lako." Dorothy alimshika mkono. "Inuka, utanipaka makaa. Nimeshakusamehe, tena kwa shida, kwa hiyo usinichoshe."

Basi mikeka ikatandikwa, kahawa ikanywewa, na mikeka ikakunjwa. Bi Mwanasaumu alimwamuru akaoge na kunyoa, naye akatii kama mtoto. Aliporudi na kanzu safi alikuta mazungumzo yameshamsahau yeye, yamehamia kwenye maji. Tangu barabara ichimbwe, mifereji ilikuwa mikavu wiki ya tatu sasa.

"Watu wa maji wasema wangoja ramani," bibi alilalamika. "Hawajui koki kuu iko wapi."

"Ramani ya nini?" Mwidani alidakia. "Koki iko chini ya ukuta wa madrasa, hatua nne kutoka pembeni. Niliifukia mimi!"

Alikwisha simama kabla ya kumaliza kusema. Alivuta spana zake uvunguni mwa kitanda, zina kutu, akaikunja kanzu kiunoni na kutoka. Alipita mbele ya duka la Jafar bila kukumbuka kuogopa. Waliokaa pale hawakumcheka. Walimfuata, kila mmoja akimweleza habari za mfereji wake.

Akachimba chini ya ukuta wa madrasa, akaifikia koki na kuizibua. Kabla ya magharibi mabomba yalikohoa, yakatema tope jekundu, kisha maji yakatoka meupe. Mwidani aliketi ndani ya shimo, kanzu imeharibika, akicheka huku machozi yanamtoka. Alifarijika mno. Kwa siku kumi na tatu hakuwa amevuta pumzi ikafika chini. Akaifuta simu kwa mkono wa kanzu, akampigia dereva wa lori.

"Kesho usije," alisema. "Hatuhami."

Nadira, aliyesimama juu ya shimo, aligeuka upande asionekane akijifuta macho.

"Kama kesho huhami," Dorothy alisema, "twende Likoni. Kuna mwenzetu mwingine amejifungia, hali chakula."

"Twende asubuhi," alijibu Mwidani. "Kahawa nitaibeba mimi."

Kiti hakikurudi, wala yeye hakukililia tena. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.